Plastiki Ina Koo Saba

Wazee wa Buhaya hawakumwoza binti kabla ya kuuliza ukoo wa mwenye kuposa. Waliuliza ukoo, wakauliza na mwiko wa ukoo huo. Maana walijua kwamba watu wawili waweza kufanana sura na kimo, na hali asili zao ni mbalimbali. Busara hiyo twaisahau kabisa mbele ya kitu kimoja kilichoingia nyumbani mwetu na kuenea kuliko kitu kingine chochote. Kitu hicho ni plastiki. Dumu la maji twaliita plastiki. Chupa ya soda twaiita plastiki. Bomba, kiti, godoro, wavu wa samaki na kimfuko cha karanga, vyote kwetu ni plastiki. Kisha vyote twavitupa katika jaa moja.

Leo twapenda kusema na ndugu wasomaji, hasa wale wa Bukoba na Muleba, juu ya jambo hili. Neno letu ni moja: plastiki si kitu kimoja. Ina koo saba, na kila ukoo una tabia yake, kazi yake na mwiko wake. Azijuaye koo hizo aweza kuzitumia kwa faida, na hata kuziuza. Asiyezijua huzigeuza kuwa sumu ya shamba lake, ya ziwa lake na ya mapafu ya watoto wake.

DESTURI NJEMA ILIYOGEUKA

Tuanze na kibanja. Kwa karne nyingi mgomba wa Buhaya ulilishwa kwa vitu vitatu: samadi ya ng'ombe, nyasi zilizokatwa katika rweya, na taka za jikoni. Maganda ya ndizi, majivu, na majani ya mgomba yaliyofungia chakula, vyote vilitupwa shinani, vikaoza, vikarudi mezani vikiwa ndizi. Senene walifungwa kwa majani. Rubisi ilitiwa katika kibuyu. Na kibuyu kilipopasuka nacho kilirudi udongoni. Mama aliyetupa taka zake kibanjani hakuwa mchafu hata kidogo. Alikuwa mkulima hodari, maana ardhi ya huku husombwa rutuba na mvua nyingi, na bila taka zile migomba ingalidhoofika.

Mkono ule ule leo watupa kibanjani kitu kingine. Pamoja na maganda ya ndizi hutoka nailoni ya mkate, pakiti ya sabuni ya unga, kifuniko cha chupa na uma wa plastiki. Maganda yataoza katika majuma machache. Hivi vingine havitaoza. Mkulima apigapo jembe baada ya miaka huvifukua vile vile, au vimechanika vipande vipande. Nailoni iliyofukiwa huzuia maji ya mvua yasipenye vizuri, na mizizi michanga haipiti. Desturi haikubadilika, kilichobadilika ni taka. Ndiyo sababu twasema kwamba hili si jambo la kulaumiana uchafu, bali ni jambo la elimu.

Na kile kisichobaki kibanjani huenda ziwani. Mvua kubwa zinyeshapo Bukoba, mitaro hujaa, na Mto Kanoni upitao katikati ya mji hubeba chupa na mifuko mpaka Ziwa Viktoria. Taka zikiziba mitaro na makalvati, maji hukosa njia na kuingia majumbani. Huko Muleba, wavuvi wa visiwa vya Bumbire, Goziba, Kerebe na Ikuza hununua karibu kila kitu kikiwa kimefungwa kwa plastiki, na visiwani nafasi ya kutupia taka ni ndogo mno. Ziwa letu lina mto mmoja tu wa kutokea, nao ni Naili, kule Jinja. Kiingiacho hakitoki upesi.

Mwaka 2016 wataalamu walitangaza matokeo ya uchunguzi wa samaki walionunuliwa sokoni Mwanza. Walichukua sangara 20 na sato 20, wakapasua matumbo yao. Katika kila aina, samaki mmoja kati ya watano alithibitishwa kuwa na vipande vya plastiki tumboni. Samaki wale walitoka katika ziwa hili hili ambalo watu wa Kemondo, wa Bukoba na wa visiwani hulivua. Jambo hili halituambii tuache kula samaki. Latuambia kwamba tukitupacho kimekwisha kuanza kurudi.

ASILI YA PLASTIKI

Yafaa tujue kitu hiki kilitoka wapi. Mwaka 1907 mtaalamu mmoja mzaliwa wa Ubelgiji aliyeishi Marekani, Leo Baekeland, alitengeneza bakelaiti, plastiki ya kwanza iliyofanywa yote kwa kemikali bila kutumia pembe, utomvu wala pamba. Mwaka 1933, katika kiwanda cha kemikali kilichopo Northwich, Uingereza, Eric Fawcett na Reginald Gibson walikuwa wakijaribu jambo jingine kabisa, wakakuta ndani ya chombo chao kitu cheupe mfano wa nta. Hicho ndicho poliethilini, ambayo leo ni mama wa madumu na mifuko. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ilifunika nyaya za rada. Baada ya vita ikaingia jikoni. Mwaka 1953 Karl Ziegler wa Ujerumani alipata njia ya kuifanya iwe ngumu zaidi, na mwaka uliofuata Giulio Natta wa Italia akapata polipropilini. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1963.

Karibu zote hutokana na mafuta ya petroli na gesi itokayo ardhini. Chembe ndogo huungwa pamoja, moja baada ya nyingine, mpaka ziwe minyororo mirefu sana. Viumbe vidogo viozeshavyo majani na nyama havina meno ya kukata minyororo hiyo. Kwa hiyo plastiki haiozi. Jua huifanya ikauke na kuvunjika, lakini kuvunjika si kuoza. Kipande kikubwa huwa vipande vidogo, na vidogo huwa vumbi, na vumbi lile bado ni plastiki.

Zaidi ya hayo, plastiki zimegawanyika mara mbili. Ziko zilizo kama nta ya nyuki: ukizipasha moto hulainika, zikipoa huganda, na waweza kurudia tena. Nyingine ni kama udongo wa mfinyanzi: zikishapata moto mara moja zimekuwa chungu, na chungu hakirudi kuwa udongo. Sahani za melamini na mipini ya masufuria ni za namna hiyo ya pili. Hizo haziwezi kuyeyushwa upya, hata ukitumia moto wa namna gani.

KOO SABA NA MIIKO YAKE

Geuza chupa au ndoo utazame kitako chake. Mara nyingi utaona alama ya pembetatu, na ndani yake tarakimu kutoka 1 hadi 7. Alama hiyo ilianzishwa na chama cha wenye viwanda vya plastiki cha Marekani mwaka 1988. Watu wengi hudhani kwamba alama hiyo ni ahadi kuwa kitu hicho kitatengenezwa upya. Sivyo. Ni jina la ukoo tu.

Ukoo wa 1 huandikwa PET. Ni chupa za maji na za soda, na nyingi za mafuta ya kula. Hung'aa kama kioo, ni nyepesi, haivunjiki upesi, nayo huzuia gesi ya soda isitoroke. Mwiko wake ni joto: ikifika nyuzi 70 hivi huanza kulegea na kujikunja. Kwa hiyo haifai kutiwa uji wa moto wala chai. Ndiyo inayotafutwa zaidi na wanunuzi, kwa sababu husagwa, ikayeyushwa, ikavutwa kuwa nyuzi za nguo, pamba ya mito na kamba za kufungia mizigo.

Ukoo wa 2 ni HDPE, yaani poliethilini ngumu. Huu ndio ukoo wa madumu, ndoo nyingi, kreti za soda na bia, chupa za sabuni na za dawa, na mabomba meusi ya maji. Hustahimili kugongwa, nao hauliwi na tindikali nyingi. Kama kuna plastiki iliyombadilishia mwanamke wa kijijini maisha yake, ni hii: mtungi wa udongo ulikuwa mzito hata ulipokuwa mtupu, na ulipoanguka safari yote ilipotea bure. Hutengenezwa upya vizuri sana, ikawa ndoo, bomba au nguzo ya uzio. Mwiko wake ni kusahau ilichobeba kwanza. Dumu lililobeba dawa ya mimea au dizeli lisitiwe kamwe maji ya kunywa wala pombe, hata likisuguliwa mara kumi.

Ukoo wa 3 ni PVC: mabomba meupe na ya kijivu, ngozi ya nyaya za umeme, mazulia ya sakafuni, na mifuko ya kutilia damu hospitalini. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni klorini. Mwiko wake ni moto. Ikichomwa hutoa mvuke wa tindikali unaokata koo na macho, pamoja na sumu ziitwazo dayoksini, ambazo hukaa mwilini kwa miaka mingi. Anayechoma nyaya ili apate shaba huuza mapafu yake kwa bei ya shaba.

Ukoo wa 4 ni LDPE, poliethilini laini, ndugu wa ule wa pili. Ndiyo mifuko laini, nailoni za mkate na viriba vya kuoteshea miche. Mkulima wa kahawa anaijua: mche wa robusta hukuzwa ndani ya kiriba, na siku ya kuupanda kiriba huchanwa na kuondolewa. Swali letu ni hili: baada ya kuondolewa, kiriba kile huenda wapi? Plastiki hii yaweza kuyeyushwa upya, lakini ni nyepesi mno, huchafuka kwa udongo na mafuta, na mnunuzi wake ni adimu.

Ukoo wa 5 ni PP, polipropilini: viti, vifuniko, kamba, mabomba ya sindano, magunia ya sandarusi. Hustahimili maji ya moto kuliko nyingine tulizotaja. Mwiko wake ni jua: gunia la sandarusi lililoachwa nje miezi michache hupukutika kuwa nyuzi, na nyuzi zile hubaki shambani. Na hapa tuseme jambo ambalo wengi hawalijui. Ile mifuko mbadala tuliyopewa baada ya mifuko laini kukatazwa, ambayo ikishikwa huonekana kama kitambaa, mingi yake ni polipropilini. Si nguo, wala si karatasi. Ni plastiki ya ukoo wa tano. Ubora wake ni kwamba yaweza kutumika mara nyingi. Anayeutumia mara moja na kuutupa amerudi alikotoka.

Ukoo wa 6 ni PS, polistirini. Hii ina sura mbili. Moja ni ngumu na kavu, ya vikombe na vijiko vya harusini, ambayo hulia na kupasuka ikikunjwa. Nyingine imejazwa hewa ikawa nyepesi kama povu: masanduku ya chakula na ya kuhifadhia samaki kwa barafu. Ile ya povu karibu yote ni hewa, hata mzigo mkubwa una uzito kidogo, na hakuna mfanyabiashara apendaye kusafirisha hewa. Ikitupwa ziwani humeguka punje punje, na punje hizo huelea kama chakula cha samaki.

Ukoo wa 7 si ukoo hasa, bali ni kambi ya wote waliosalia. Humo mna nailoni ya nyavu, povu la magodoro, melamini, na zile pakiti zilizofanywa kwa tabaka mbalimbali zilizogandishwa pamoja. Pakiti ndogo za sabuni ni za namna hiyo. Na vile viroba vya pombe kali ambavyo Serikali ilivipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017 vilikuwa hivyo hivyo. Tabaka zikishagandamana ni vigumu mno kuzitenga. Kwa hiyo kitu kidogo kuliko vyote sokoni ndicho kigumu kuliko vyote kurudishwa kiwandani.

TUSIIKUFURU PLASTIKI

Pengine msomaji atasema kwamba twaichukia plastiki. La, hasha. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lilipobomoa nyumba Bukoba na Missenyi, watu wengi walilala chini ya maturubai, na maturubai hayo ni plastiki. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulipotokea katika Wilaya ya Bukoba na kuua watu sita, kinga ya wauguzi ilikuwa mavazi na miwani ya plastiki, na kinga ya kaya ilikuwa ndoo yenye koki na sabuni. Bomba la sindano litumikalo mara moja limeokoa maisha yasiyohesabika.

Tofauti ni hii. Ndoo hukaa nyumbani miaka. Bomba la maji hukaa ardhini miongo. Lakini kimfuko cha karanga hutumika dakika tano, kisha hubaki duniani muda mrefu kuliko mla karanga. Plastiki ni mtumishi mwenye maisha marefu. Kosa letu ni kumwajiri kwa kazi ya dakika tano.

NAMNA YA KUZITAMBUA

Ikiwa alama ya kitako imefutika, kuna njia rahisi isiyotaka maabara. Chukua beseni la maji. Kata kipande kidogo, kisafishe, ukizamishe kwa kidole ili hewa itoke, kisha ukiachie. Poliethilini na polipropilini, yaani koo za 2, 4 na 5, ni nyepesi kuliko maji, nazo zitaelea. PET, PVC na polistirini ngumu zitazama. Povu la polistirini litaelea kwa sababu ya hewa yake, lakini hilo hutambulika kwa macho. Usizitambue kamwe kwa kuzichoma na kunusa moshi, kama wafanyavyo wengine.

Jaribu jambo hili kwa chupa moja ya soda. Mwili wake utazama, kwa kuwa ni PET. Kifuniko chake kitaelea, kwa kuwa ni cha ukoo wa pili au wa tano. Mara nyingi karatasi yake ya jina nayo ni plastiki ya ukoo mwingine. Chupa moja, koo mbili au tatu! Viwandani hutumia njia hii hii: chupa husagwa, vipande hutiwa majini, vifuniko vikaelea na chupa zikazama.

KWA NINI NYINGI HAZIRUDI KIWANDANI

Mwaka 2017 wataalamu wa Marekani walichapisha hesabu ya plastiki yote iliyotengenezwa duniani tangu mwaka 1950 hadi 2015. Walikuta kwamba ni tani milioni 8,300. Katika taka zake, asilimia 9 tu ndiyo iliyotengenezwa upya. Asilimia 12 ilichomwa. Na asilimia 79 ilibaki majaani na nyikani. Hiyo ni hesabu ya dunia nzima, pamoja na nchi tajiri zenye mashine za kila namna. Basi tusidanganywe kwamba kutengeneza upya peke yake kutatuokoa.

Sababu ya kwanza ni mchanganyiko. Kila ukoo huyeyuka kwa joto lake: poliethilini laini kwa nyuzi 110 hivi, polipropilini kwa 160, PET kwa 250 na zaidi. Ukizitia zote katika tanuri moja, moja itaungua kabla nyingine haijalainika. Kiasi kidogo sana cha PVC kikiingia katika PET huharibu mzigo mzima, maana tindikali yake hukata minyororo ya mwenzake. Mkulima wa kahawa hahitaji kufundishwa jambo hili. Anajua kwamba debe moja la kahawa mbichi likichanganywa na iliyokauka, gunia zima hushuka daraja. Kwa plastiki ni vivyo hivyo: uchambuzi ndio bei.

Sababu ya pili ni kuchoka. Kila plastiki iyeyushwapo, minyororo yake hukatika kidogo, nayo hupungua nguvu. Chupa ya kioo yaweza kuyeyushwa tena na tena bila kudhoofika, plastiki haiwezi.

Sababu ya tatu ni safari. Chupa tupu ya nusu lita ina gramu kumi hadi ishirini hivi. Kwa hiyo kilo moja yataka chupa 50 hadi 100. Kutoka Bukoba mpaka Dar es Salaam, kwenye wanunuzi wakubwa na viwanda, ni kilometa zipatazo 1,400 kwa barabara. Lori lililojaa chupa zisizokandamizwa limejaa upepo. Ndiyo sababu mwokota chupa wa Bukoba, afanyaye kazi jua na mvua kwa faida yetu sote, hana budi kupokea bei ndogo. Si kwamba mzigo wake ni takataka. Ni kwamba hana mashine ya kuushindilia ukawa marobota, wala hana wenzake wa kuungana nao wakajaza lori.

SHERIA IPO, NA BEI YAWEZA KUWAPO

Serikali haikukaa kimya. Zanzibar ilikataza mifuko laini mwaka 2006. Rwanda, jirani zetu, walikataza mwaka 2008, na Kenya mwaka 2017. Kwetu Bara, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza Bungeni mwezi Aprili 2019, na kuanzia tarehe 1 Juni mwaka huo mifuko ya kubebea ya plastiki ikawa haramu. Kanuni zile zilimwekea mwenye kukutwa nao faini ya shilingi 30,000 hadi 200,000. Tofauti ilionekana kwa macho. Lakini vimfuko vya kufungia bidhaa havikuhusika, navyo sasa hutumiwa kubebea nyanya na dagaa kana kwamba sheria haikuwapo. Nayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezikabidhi halmashauri wajibu wa kusimamia taka ngumu.

Nje ya nchi, Mataifa yalikubaliana Nairobi mwezi Machi 2022 kuandika mkataba wa dunia juu ya plastiki. Walikutana Busan, Korea, mwishoni mwa 2024, wakakutana tena Geneva mwezi Agosti 2025, na mara zote mbili waliachana bila mapatano. Basi tusikae tukisubiri.

Sheria hukataza, lakini kuna kitu kingine kiitacho bila kukataza, nacho ni thamani. Tazama chupa ya soda ya kioo. Yapelekwa mpaka kisiwani, nayo hurudi. Hakuna mgambo aisimamiaye, wala hakuna hotuba. Hurudi kwa sababu mwenye duka ameiwekea fedha, na asipoirudisha na kreti yake atapata hasara. Chupa ya plastiki iliyosafiri katika mtumbwi ule ule haina thamani mkononi mwa aliyeinywa, kwa hiyo hutupwa majini. Chupa mbili, safari moja, hatima mbili! Wajerumani walilifahamu jambo hili: tangu mwaka 2003 mnunuzi wao huweka dhamana, ambayo leo ni senti 25 za yuro kwa chupa, naye hurudishiwa aileta­po. Yafaa wenye kutunga sheria zetu walitazame jambo hilo, na wenye viwanda wachukue sehemu yao ya mzigo, maana si haki faida iende kiwandani na taka ibaki kwa mama wa Muleba.

LA KUFANYA SASA

Kwanza, katika kila nyumba taka zigawanywe mara mbili kabla ya kutoka jikoni: kiozacho kiende kibanjani, kisichooza kisiende. Hilo peke yake litarudisha heshima ya desturi ya wazee wetu, na halihitaji hata senti moja.

Pili, tusichome plastiki, wala tusiwashie mkaa kwa nailoni. Mama aliyeinama jikoni na mtoto mgongoni ndiye avutaye moshi ule wa kwanza. Maganda makavu na vijiti vyatosha.

Tatu, tujifunze kukataa. Kilicho cha ukoo wa sita na wa saba, kikombe cha harusi na sanduku la povu, hakina mnunuzi huku kwetu. Dawa yake ni kutokinunua. Kikapu cha ukindu hakijafa. Na jani la mgomba bado lafunga senene vizuri kuliko nailoni, tena bila kuwatoa jasho.

Nne, na hili ndilo kubwa, tukusanye kwa umoja. Mwaka 1950 wakulima wa kahawa wa Bukoba waliunda chama chao kikuu cha ushirika. Kila mmoja alikuwa na fungu dogo, ambalo peke yake lisingejaza hata mkokoteni. Lakini mafungu yale yalipounganishwa yalivuka ziwa na bahari. Chupa hazina tofauti. Mtaa mmoja wa Kashai au Hamugembe, mwalo mmoja wa Muleba, shule moja ya Kamachumu, kila mahali paweza kuwa na magunia matatu: moja la PET, moja la HDPE, moja la PP. Mashine moja ya kushindilia, ikimilikiwa na chama cha waokotaji wenyewe kwa msaada wa halmashauri, ingegeuza upepo kuwa marobota, na marobota kuwa mshahara. Waokota chupa wetu ni wafanyakazi kama wafanyakazi wengine. Wanastahili glavu, bei ya haki na chama chao.

Haba na haba hujaza kibaba, walisema wahenga. Na kibaba cha taka nacho hujazwa hivyo hivyo, kifuniko kwa kifuniko. Mkulima atakayepiga jembe katika kibanja hiki miaka hamsini ijayo atakuta tulichokiacha. Na akute udongo mweusi, kama tulivyoukuta sisi.